Nadhiri ya Barabara ya Faleula

Gari la mchungaji lilinipita, likawasha taa nyekundu za nyuma, kisha likaanza kurudi kinyumenyume, nami nikaomba liwe linamrudia mtu mwingine. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa wa mwisho katika mbio zile, nyuma hata ya akina mama wa kwaya waliokuwa wakitembea tu na kupiga soga, na mvua ilikuwa imeanza kuninyeshea.

Mama mchungaji alishusha kioo. "Malaea, mwanangu, panda."

"Niko kwenye mbio, mama."

"Mbio zipi?" Hakuuliza kwa kejeli. Alitazama barabara mbele, akageuka kutazama nyuma, na kweli hakuona mkimbiaji hata mmoja.

Mimi sikuwahi kuwa mkimbiaji. Nilikuwa mshonaji wa sare za shule, nakaribia miaka arobaini, na mazoezi yangu yote yalikuwa ya mguu mmoja kwenye pedali ya cherehani. Lakini mwaka ule wauguzi wa kitengo alikokuwa dada yangu Onosai akisafishwa damu mara tatu kwa wiki walitangaza mbio za hisani, nusu marathoni, kutoka ukuta wa bahari pale mjini Apia hadi Faleula na kurudi, ili wagonjwa wanunuliwe viti vya kulalia. Dada alinitazama akiwa na mipira ya mashine mkononi. "Mmoja wetu akimbie basi," alisema. "Mimi nimefungwa hapa." Alikuwa ananitania. Jioni ile ile nilijiandikisha.

Siku ya kwanza ya mazoezi sikufika hata darajani. Kichomi kilinishika ubavuni, nikakumbatia nguzo ya umeme, nikahema kama mtu anayetaka kutapika roho. Hapo ndipo, kwa hofu tu, nilipomwambia Mungu: nikimaliza mbio hizi, mwache dada yangu aione Krismasi. Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Nilikuwa nimekwisha kufika nyumbani, najimwagia maji, ndipo nilipojiuliza, na nisipomaliza je? Tangu saa ile sikuwa na raha tena.

Nilitoka alfajiri, kaptura chini na lavalava, shuka letu la kiunoni, nimeifunga juu yake, maana kwetu mwanamke mzima hapiti katikati ya kijiji mapaja nje. Mkono mmoja nilishika mawe ya kutishia mbwa. Kucha za miguu zilikuwa nyeusi, na mapajani nilipaka mafuta ya mgando kama mtu anayekaanga samaki. Hayo yote niliyavumilia. Kilichonichosha ni wema wa watu. Kwetu, ukiwa na nafasi kwenye gari na ukamwona mtu anakwenda kwa miguu, usiposimama umejiaibisha. Basi walisimama wote. Binamu zangu, madereva wa teksi, hata basi lililojaa.

"Kuna msiba?" waliuliza, kwa sababu mtu mzima anayekimbia huwa anapeleka habari ya kifo.

"Hapana. Najizoeza."

"Unajizoeza msiba?"

Nilikataa lifti hizo zote, na kijijini nikapata sifa ya kujidai. Hawakujua kwamba kila nilipoishia njiani nilimpigia dada simu nikiwa bado nahema, nikimuuliza vitu vya kipuuzi: amekula, amelala, mbona sauti yake iko hivyo.

Sasa mchungaji mwenyewe aliinama kutoka kwenye usukani. "Binti, kule mwisho wanakunja mahema. Panda, utaugua."

Kwetu mchungaji hakataliwi. Samaki wa kwanza ni wake, na ukipita mbele yake amekaa, unainamisha mgongo. Ningeweza kumwambia nina nadhiri, lakini ingekuwa mahubiri ya Jumapili. Na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulishashika kitasa cha mlango kabla sijamjibu. Nikapanda pale Vaitele, njiani kurudi mjini, karibu na duka la mabati ya buluu. Mama mchungaji alinipa taulo na kipande cha taro, gimbi la kuchemsha. Mumewe aliendesha huku akiomba kwa sauti, akimshukuru Bwana aliyemwongoza kupita wakati unaofaa. Niliitikia amina.

Onosai alikuwa akinisubiri kwenye ukuta wa bahari, chini ya mwavuli. Aliponiona nashuka garini alicheka hadi muuguzi akamshika asianguke. "Hata Mungu amekuonea huruma," alisema. "Amekutumia gari lake." Nilikwenda nyuma ya hema nikaitapika taro yote.

Ilikuwa Septemba. Miezi iliyofuata sitaki hata adui yangu aipitie. Simu ikilia dukani, sindano ilinichoma kidole. Nilianza kwenda kwa dada kila siku, na akisinzia mkekani mchana nilikaa nikihesabu kifua chake kinavyopanda. Novemba miguu yake ilijaa maji, akalazwa. Daktari alizungumza habari za chumvi. Mimi nilijua ni zile kilomita nilizokaa garini, wala daktari asingenishawishi vinginevyo.

Alipotoka hospitali, Jumapili moja baada ya chakula, nilikuwa nimemshika kifundo cha mguu, nabonyeza kwa kidole gumba kuona kama kinabonyea.

"Unanibonyeza kama embe la sokoni," alisema. "Una nini wewe?"

Nikamwambia. Nililia mpaka makamasi, nikamweleza kuhusu nguzo, nadhiri, taulo ya mama mchungaji. Nilidhani atanikumbatia. Alivuta mguu wake kutoka mikononi mwangu.

"Nani alikutuma uniweke rehani?"

"Dada, niliogopa."

"Na mimi je, siogopi? Nanyimwa maji, nachomwa sindano zinazotosha kumuua ng'ombe, na siku zote nadhani haya ni maisha yangu. Kumbe yamo miguuni mwako, na miguu yenyewe ndiyo hiyo." Alijipepea. Kisha akauliza, "Gari ulipandia wapi?"

"Vaitele."

"Kesho sina mashine. Tunakwenda."

Sikuweza kumzuia. Tulishuka kwenye basi mbele ya duka la mabati ya buluu, yeye na mwavuli wake na kandambili, mkono wa sindano ameuzungushia kitambaa. Tukaanza kutembea kuelekea mjini. Niliitazama midomo yake, niliitazama miguu yake, nilisikiliza pumzi zake kuliko nilivyowahi kuzisikiliza zangu. Teksi ilisimama, akaipungia ipite. Binamu yetu akasimama, akatoa kichwa dirishani.

"Mnakwenda wapi na jua hili?"

"Tuko kwenye mbio," Onosai alimjibu. "Usitucheleweshe."

Nilimuuliza kama tupumzike. Akaniambia ninyamaze nikimbie. Tulipita kanisa, tukapita uwanja wa raga, na hatua zake zikawa fupi, zikawa fupi zaidi, mpaka tukafika duka moja lenye ngazi ya saruji. Akaketi. Akamwomba muuzaji kipande kimoja cha barafu, maana maji aliyoruhusiwa siku ile alikwisha kuyamaliza. Mji ulikuwa bado mbali. Hatukuwa tumefika hata nusu ya kile nilichobakiza.

"Pumzika, halafu twende polepole," nilimsihi. "Tutafika tu, dada. Bado kidogo."

"Sitaki kufika."

"Dada, tafadhali."

Aliiweka barafu shavuni, akafumba macho, akainyonya bila haraka, na maji kidogo yakamtiririka kidevuni asiyapanguse.

"Sasa tuko wawili tusiomaliza," alisema. "Tuone huyo Mungu wako atafanyaje."

Nikaketi kando yake. Krismasi ile aliiona, na nyingine tatu. Siku ile sikulijua hilo. Gari lilisimama mbele yetu, dereva akauliza kama tunapanda, nami nikamwachia dada ajibu.