Fomu Kumi na Moja za Nyamira

Fomu kutoka Nyamira zilikuwa safi mno, na usafi huo ndio uliomtia Daktari Shruti wasiwasi.

Shruti alizaliwa Kisii mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa la baba yake. Alisomea udaktari mbali, akarudi kufundisha katika chuo kipya cha udaktari hapo mjini. Mwaka huo alikuwa akilinganisha vyuo viwili, chake na kile kidogo cha Nyamira, kila kimoja na hospitali yake ya kufundishia. Swali lilikuwa jepesi: mwanafunzi wa mwaka wa tano amemhudumia mgonjwa kwa mikono yake mara ngapi, mwalimu akiwa kando? Ameweka dripu ngapi, ameshona vidonda vingapi, amezalisha mara ngapi, na mwezi gani?

Fomu za chuo chake, themanini, zilikuja kama unavyotarajia fomu za watu. Huyu kaandika nyingi, yule chache, kalamu rangi tofauti, moja hata imemwagikiwa chai. Za Nyamira zilikuwa kumi na moja tu, zote kwa wino uleule wa bluu, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa na chini ya dripu hamsini.

"Huyu mtu amekaa chini akazijaza peke yake," alimwambia Lewis, msaidizi wake, ambaye ndiye aliyekusanya fomu za Kisii.

Lewis alikuwa akibana karatasi kwa stepla. "Inawezekana, Daktari," alisema bila kuinua macho. "Vyuo vidogo hupenda kujionyesha."

Mtu huyo alikuwa Jethro Masese, mhadhiri aliyesimamia utafiti upande wa Nyamira. Shruti alikutana naye mara moja na hakumpenda. Masese alicheka kidogo, akauliza mengi, hasa nani angeyaona matokeo kwanza. Sasa Shruti alimpigia simu kumwomba madaftari ambamo wanafunzi huandika kazi zao za wodini.

"Madaftari hayatoki hapa," Masese alijibu. "Ukiyataka, njoo uyaone."

Kama hana la kuficha, Shruti alijiuliza, kwa nini asiyatume?

Alhamisi asubuhi alikwenda Nyamira bila kumwarifu mtu. Katika wodi ya wanawake alisimamishwa mlangoni na Sista Mokeira, muuguzi mkuu, aliyemtazama kuanzia viatu hadi usoni.

"Unamtafuta mgonjwa gani?"

Shruti alijitambulisha. Kisha akamnyooshea kidole mwanafunzi aliyekuwa kando ya kitanda cha bibi mmoja aliyekauka kwa kuhara. "Yule amwekee dripu, mimi nitazame."

Mwanafunzi, msichana mwembamba wa Itumbe aliyeitwa Nyamoita, hakumtazama Shruti. Alimtazama Mokeira, na Mokeira akaitikia kwa kichwa. Nyamoita akamwamkia bibi kwa lugha yao ya Ekegusii, akamweleza anachotaka kufanya, akaufunika mkono wake kwa kitambaa cha maji moto na kungoja. Shruti alikuwa akitarajia aukose mshipa. Sindano iliingia mara moja, na bibi hata hakukatiza habari za mkaza mwana wake.

Mokeira alifungua kabati, akatoa madaftari yote kumi na moja. Tarehe, saa, namba ya mgonjwa, sahihi ya Mokeira kila mstari. Shruti alifunua kurasa karibu saa nzima akitafuta kosa, mpaka Masese akamkuta hapo.

"Ungesema unakuja," Masese alisema.

"Nilitaka kuona kabla hamjajiandaa. Wino ni mmoja."

"Nilinunua pakiti moja ya kalamu. Niliwakalisha wote chumba kimoja, kila mtu na daftari lake mbele yake." Alilifunga daftari lililokuwa mbele ya Shruti. "Zako zilijazwa wapi, Daktari? Nani alikuwepo?"

Shruti hakuwahi kuuliza.

Kesho yake alizitandaza fomu themanini mezani na kuzisoma upya, safari hii kwa jicho alilokuwa amewawekea watu wa Nyamira. Wanafunzi thelathini na mmoja walidai walizalisha mwezi wa Agosti. Agosti yote wodi ya wazazi ya Kisii ilikuwa imefungwa kwa ukarabati. Alimwita Lewis, akafunga mlango.

"Ulijaza ngapi?"

"Hamsini na mbili," Lewis alisema. "Walizirudisha tupu, Daktari. Wengi walisema hawana la kuandika. Wanazunguka kitanda kimoja watu themanini, walio nyuma wanasikia sauti tu. Niliona zitakuaibisha."

"Na ile yenye chai?"

"Niliimwagia mwenyewe. Ili ionekane ya kweli."

Shruti alimwondoa katika utafiti na kuiandikia kamati ya maadili ya chuo. Mkuu wa chuo alimwita, akamshauri kwa upole aliondoe swali lile na kubakiza mengine. Alikataa. Alirudi darasani na fomu mpya, akakaa humo mpaka wa mwisho alipomaliza kuandika. Wanafunzi arobaini na watatu hawakuwa wamewahi kuweka dripu hata moja.

Aliyasoma matokeo mbele ya baraza la chuo, Masese akiwa amealikwa. Wapo wanaomnunia hadi leo. Lakini baraza liliamua wanafunzi wagawanywe sita sita na kupelekwa hospitali ndogo, Nyamira ikiwemo.

Baada ya kikao alimfuata Masese koridoni. "Naomba unisamehe. Nilikushuku."

"Kwa sababu ya kalamu?"

"Kwa sababu ya kalamu. Na kwa sababu ni Nyamira."

Masese alikunja karatasi zake polepole, akazitia mkobani. "Walete wanafunzi," alisema. "Wataanza na Sista Mokeira. Lakini hesabu zao tutaziweka sisi, na nakala zitabaki kwetu."

Shruti alikubali. Katika nafasi yake, naye angetaka hivyo hivyo.