Pua ya Stoo

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa pua ya stoo ya duka letu la matunda. Maparachichi yakiletwa mabichi, magumu kama mawe, huyapanga kwenye kreti, hutia ndizi moja mbivu katikati, kisha hufunika kwa gunia. Ndizi ile huyachochea yaive. Asubuhi hufunua kidogo, hunusa, hutoa hukumu: "Leo," au "Kesho." Tangu nimwoe binti yake sijawahi kumwona akikosea.

Juzi alinusa kreti la mlangoni.

"Kesho."

Mimi naona maji meusi yanachuruzika chini ya kreti, na visubi wanacheza ngoma juu ya gunia.

"Mama, hayo yameoza."

"Nimesema kesho, baba. Leo unanifundisha kazi?"

Nikavuta gunia. Nikainua parachichi la juu; nusu ikabaki mkononi mwangu, nusu kretini. Ndani jeusi tii, na ukungu mweupe kama ndevu. Harufu ikamleta mke wangu kutoka dukani, kaziba pua. Mama mkwe hakukunja hata uso.

"Mama, husikii harufu."

Mke wangu akanikonyeza ninyamaze. Kunyamaza sikujaliwa.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa iliyonilaza wiki jana," mama mkwe akasema, macho chini. "Haya, chukua ufunguo wako wa stoo. Nikakae kitini nivunde taratibu."

"Nani kataka ufunguo?"

Nilibeba kreti hadi shimo la taka nyuma ya nyumba, nikamwaga. Niliporudi alikuwa amesimama palepale. Nikamwekea parachichi kutoka kreti jingine kiganjani.

"Vidole navyo viliugua homa?"

"Vizima."

"Basi bonyeza. Hapo karibu na kikonyo, polepole."

Akabonyeza, akafikiri sana.

"Leo."

Nikalipasua. Kisu kilikwama katikati.

"Limeiva kabisa, mama!" mke wangu akadakia. Akatia kipande mdomoni, akatafuna kama anayekula sabuni.

"La kesho hilo," nikasema.

Mama mkwe akamtazama binti yake anavyohangaika na taya, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu mwongo nimemzaa mwenyewe. Na wewe mkwe huna adabu hata chembe." Akaufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake. "Kesho uwahi. Tubonyeze wote."