Mara ya Tatu Langoni

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2009, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mvua iliyochanganyika na theluji ikikinyeshea kijiji chetu chini ya milima ya Karpati, tulilibeba jeneza la baba yangu, Mwalimu Zenoviy Pavlyshyn, tukasimama nalo langoni pa ua wetu.

Kwetu maiti haivuki lango bila msamaha. Padri huuomba mara tatu kwa niaba yake, na watu hujibu mara tatu.

"Kama marehemu alimkosea yeyote, msameheni."

"Mungu amsamehe!"

Walijibu kwa kishindo, wala sikushangaa. Nusu yao aliwafundisha fizikia katika shule ya bweni. Waliosalia aliwatengenezea redio bila kupokea hata yai. Akiwa na miaka sabini na moja alipanda paa la kanisa, misumari mdomoni, kwa sababu vijana walikuwa wameogopa upepo.

Padri aliomba mara ya pili.

"Mimi simsamehe."

Alikuwa Orest Kuziv, dereva wa trekta.

"Orest, fumba huo mdomo, mwalimu analowa!" alifoka Bibi Paraska, jirani yetu. "Au umeshalewa asubuhi yote hii?"

"Sijaonja hata tone, bibi. Mwaka 1982 aliniita mwizi mbele ya shule nzima, akanifukuzisha, kwa ajili ya mche wa kioo wa kupasulia mwanga. Sikuugusa. Nyinyi mnamlilia, mimi nilimpenda kuwashinda nyote. Ndiyo maana siwezi."

Wabebaji walibadilisha mabega. Hakuna aliyenitazama, maana hakuna aliyejua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni hilohilo. Mche niliuvunja mimi, vipande nikavitupa mtoni. Baba hakumhukumu mtu bila ushahidi, na ushahidi wa siku ile ulikuwa neno langu. Tangu hapo, nikiwa jaji mahakamani, nimewaadhibu watu wazima kwa uongo mdogo kuliko ule, na nimejivunia kufanya hivyo. Kunyamaza sasa kungekuwa kumzika baba na dhambi yangu kifuani mwake. Nilimwachia mwenzangu jeneza, nikasimama wima kama tulivyofunzwa shuleni.

"Mimi, Markiyan Pavlyshyn, ndiye niliyeuvunja. Nikamwambia baba kwamba nilimwona Orest akiuchukua. Kosa lake lilikuwa kuniamini mimi."

"Mama yangu!" Bibi Paraska alijishika shavu. "Na hiyo sura ya jaji!"

Padri aliomba mara ya tatu. Orest alivua kofia, akawatangulia wote kujibu.

"Mungu amsamehe mwalimu wangu."

Lango likafunguliwa. Nilimsogelea.

"Na mimi, Orest?"

"Wewe hujafa, usijifiche nyuma ya jeneza. Mimi niliitwa mwizi kwenye mstari wa Jumatatu, saa mbili, watoto wote wakinitazama. Kaseme palepale."

"Nitasema."

"Tutaona."

Jumatatu, saa mbili kamili, nilisimama uwanjani mbele ya wanafunzi mia moja themanini na walimu wao. Nilitaja jina langu, kisha jina la Orest Kuziv, kisha nilichomfanyia, bila kupunguza neno. Orest alisikiliza kando ya mkuu wa shule hadi mwisho.

"Umelipa," alisema, akanipa mkono.