Spiriti Kavu ya Klara

Tarsis ndiye aliyemfundisha mkewe, Klara, kukeneka spiriti, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake uwe maji tena. Wote wawili walikuwa mafundi wa maabara moja ya mjini, na kila asubuhi walitoka pamoja kwenye chumba chao Kariakoo wakaenda kazini kwa miguu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, na spiriti kavu, ile isiyo na maji kabisa, haikuagizwa tena. Bila hiyo, vipande vya nyama vinavyokatwa miilini mwa wagonjwa havikauki sawasawa, na daktari akichungulia kwenye darubini haoni ugonjwa.

Spiriti ya kiwanda cha sukari ilikuwepo, ila ina maji kidogo ambayo hata ukeneke mara ngapi hayatoki. Tarsis alihangaika nayo mwaka mzima, akashindwa. Klara akaomba ajaribu. Alitafuta chokaa ambayo haijazimwa kwa maji, akailoweka ndani ya spiriti mpaka chokaa ikanywa yale maji, kisha akakeneka. Ikatoka kavu. Mkuu wa maabara, Ndugu Shomari, akatangaza kwamba Jumatatu wageni watakuja kuiona.

Tangu hapo Tarsis hakupata usingizi mzuri. Sokoni muuza ndizi alimwita "mume wa yule mama wa spiriti." Alicheka naye, lakini ndizi zile hazikumshuka. Klara akiimba jikoni, aliona anasimangwa yeye.

Jumamosi baada ya kazi alisema amesahau mwavuli. Akarudi maabara, akazibua chupa ya Klara, akaiacha wazi. Ilikuwa masika, na spiriti kavu huvuta unyevu wa hewani. Jumatatu alitangulia kuingia, akaiziba.

Mbele ya wageni Klara alimimina spiriti juu ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, aliokuwa ameukaanga hadi ukawa mweupe. Mrututu wa namna hiyo ukigusa maji hurudia rangi yake. Ukageuka buluu, wote wakiona.

"Nadhani chokaa haikuwa nzuri," Tarsis alidakia. "Mke wangu bado anajifunza."

Klara alikuwa anaitazama chupa.

Jioni alimpakulia ugali, akakaa mbele yake.

"Baba Eliasi, chokaa mbaya inaacha maji, haipunguzi spiriti. Chupa niliijaza mpaka shingoni. Leo imeshuka vidole viwili. Spiriti imeruka hewani, chupa iliachwa wazi."

"Kwa hiyo?"

"Na mwavuli wako Jumamosi ulikuwa hapa, nyuma ya mlango."

Tarsis alisogeza sahani. "Kazi ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekushika mkono."

"Ndiyo, wewe. Ungeniambia jina lako litangulie, ningelitanguliza."

Tarsis alitamani agombezwe, apate naye cha kukasirikia, lakini Klara aliondoa vyombo akaenda kuviosha.

Hakumshtaki kwa Ndugu Shomari. Aliomba muda, akakeneka upya, na safari hii mrututu ukabaki mweupe. Hospitali zikaanza kuleta chupa zao.

Waliendelea kwenda kazini pamoja, Tarsis akimbebea mfuko wa chokaa. Lakini kila Klara alipotaka kufungua kabati la spiriti, alisimama, ufunguo mkononi, akingoja mumewe atoke kwanza. Naye alitoka, akasimama koridoni, akawasikia watu wa hospitali wakiulizia spiriti ya Klara, na bado ilimchoma.