Rejeta ya Bwana Harusi

Fundi Pantaleo aliponzwa na mdomo wake, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Mtu wa miaka hamsini na mitano, wajukuu anao, kashika malori tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, halafu anasimama nje ya gereji yake pale Kariakoo kubishana na Awadhi, kijana aliyefungua gereji ng'ambo ya barabara juzi juzi tu! Ya nini yote hayo?

Walibishania gari la Lalit. Lalit, mwenye duka la vitambaa Mchafukoge, alikuwa amenunua gari la mbio la zamani kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. La kijani, boneti ndefu, likinguruma mtaa mzima unatoka nje kutazama. Lakini likifika Posta tu, linachemka. Likisimama kupisha mkokoteni, linachemka. Na Jumapili Lalit anaoa, na amekwisha kuwatangazia wakwe waliotoka Tanga kwamba atakwenda ukumbini ndani ya gari hilo hilo, mwendo wa kutembea, ngoma mbele, kinamama wakicheza.

"Halifiki," Awadhi alisema. "Gari la mbio linataka upepo. Ukilitembeza pole pole linageuka birika."

"Nikilishika mimi litafika."

"Lisipofika je, mzee?"

Hapo ndipo Pantaleo alipojimaliza. "Lisipofika, nitavuka barabara hii kila asubuhi, mwezi mzima, nikuamkie shikamoo. Likifika, wewe utanichemshia chai mwezi mzima."

Mtaa ulisikia. Babu mzima amwamkie mtoto! Kina mama waliokuwa wanatoka Feri na ndoo za samaki walitua mizigo wakacheka mpaka machozi.

Pantaleo akaingia kazini. Rejeta ya zamani aliikuta imeoza, mirija imejaa kutu na chumvi ya maji ya kisima. Akaitupa. Akapata rejeta ya lori lililopinduka, akaikata, akailehemu mpaka ikakaa kwenye pua ya gari kama iliyozaliwa hapo. Akaongeza feni kubwa, ili gari likienda taratibu lijipepee lenyewe. Alhamisi alilipeleka Feri na kurudi, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Halikuchemka. Akalirudisha kwa Lalit huku kifua kiko mbele.

Ijumaa likachemka.

Asubuhi hiyo hiyo Awadhi alivuka barabara na birika mkononi. "Mzee, naomba maji ya moto. Majani ya chai ninayo."

Pantaleo alikasirika. Rejeta aliiunga yeye, aliijua kila mshono. Basi kuna mtu anamchezea, na mtu huyo anamfahamu! Jumamosi alfajiri akaingia kimya kimya uani kwa Lalit, akajilaza chini ya gari, spana mkononi, akimsubiri Awadhi.

Miguu ikaja. Haikuwa ya Awadhi. Ilikuwa miguu mikavu ya mtu mzima, na juu yake pindo la sari nyeupe. Pantaleo akasikia mfuniko wa rejeta unafunguliwa, kijiko kinagonga kopo. Akatoka kwa kujiburuta.

"Mama Lalit! Unatia nini humo?"

Ranjanben, mama yake Lalit, mjane wa mwaka wa nne sasa, hakushtuka hata kidogo. "Manjano. Dawa ya rejeta."

"Nani kakudanganya?"

"Wewe."

Pantaleo alitaka kukana. Akakumbuka. Lori la marehemu mumewe lilitoboka rejeta njia ya Morogoro, na yeye mwenyewe Pantaleo alichota manjano kwenye kapu la chakula la mama huyu, akayamwaga ndani, tundu likaziba, wakafika. Tangu siku ile Ranjanben hulitilia kila gari la nyumba yake vijiko vitatu vya manjano kila asubuhi.

"Lile lilikuwa limetoboka, mama! Hili halina tundu. Unaziba mirija mizima!"

"Sikujua, fundi. Lalit asijue, tafadhali. Alinikataza kuligusa."

Aibu ilimpanda Pantaleo mpaka masikioni. Siku mbili anamlaani Awadhi, kumbe mchawi ni yeye mwenyewe. Akaifumua rejeta, akaisukutua mpaka mtaro wa nje ukawa wa njano.

"Sasa niahidi. Hata kijiko kimoja cha dawa usitie tena."

"Naahidi," alisema Ranjanben. "Dawa sitii."

Jumapili alasiri Lalit akakaa kwenye usukani, kilemba kichwani, maua shingoni. Akataka wazungukie Kariakoo kwanza, wateja wake wamwone. Ngoma zikalia. Pantaleo akatembea ubavuni mwa gari, jicho kwenye mshale wa joto. Upande wa pili Awadhi naye akatembea na birika lake, amelisugua linang'aa.

Walifika sokoni salama. Kisha mshale ukaanza kupanda. Pantaleo akaomba kimoyomoyo watakatifu wote aliofundishwa misheni. Wapi! Mvuke ulipanda puu, ngoma zikanyamaza, na mtaa mzima ukanukia bajia.

Awadhi akanusa. "Mzee, ulikuwa unatengeneza au unakaanga?"

Watu wakaangua kicheko. Pantaleo akashika tambara, akafungua mfuniko taratibu. Povu la njano lilifurika, na ndani yake vinaelea vibonge vya unga wa dengu. Akainua kichwa, maneno yako kwenye ncha ya ulimi. Ranjanben alikuwa amesimama karibu naye, ncha ya sari mdomoni.

"Dawa sikutia, fundi," alinong'ona. "Jana walimpaka mwanangu manjano ya harusi, yaliyokandwa na unga wa dengu. Mimi niliambiwa nikae jikoni, mjane hagusi, ana nuksi. Yaliyobaki kwenye bakuli nikayatia humu. Hii haikuwa dawa. Ilikuwa baraka."

Nyuma yao wakwe wa Tanga walikuwa wananyoosha shingo. Sentensi moja tu, na jina la Pantaleo linapona. Sentensi hiyo hiyo, na mama huyu ataitwa mjane aliyeharibu harusi ya mwanawe mpaka siku atakayokufa. Alimtazama, akamwonea huruma.

Akafunga mfuniko.

"Rejeta yangu imenishinda!" alisema kwa sauti. "Sukumeni, jamani! Bwana harusi halali sokoni!"

Wakasukuma. Wachukuzi, wauza nazi, mashemeji wa Tanga na suti zao, wote mabega kwenye gari, ngoma zikarudi kwa kishindo, Lalit anacheka mpaka kilemba kinaanguka. Walipofika ukumbini Pantaleo alivua kofia, akamfuata Awadhi mbele ya umati.

"Shikamoo, bwana Awadhi."

Awadhi akarudi nyuma hatua moja. Neno lenyewe ni moja tu, marahaba, lakini lilimkwama.

"Itikia basi tukusikie!" mama mmoja muuza samaki alipiga kelele. "Mwitikie babu yako!"

"Aa, mzee, si tulikuwa tunataniana..." Awadhi alisema, akapotelea kwenye umati na birika lake.

Pantaleo akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kumbe!

Jumatatu asubuhi alivuka barabara, kofia mkononi. "SHIKAMOO, BWANA AWADHI!" Sauti ilifika sokoni. Wateja wakageuka kumtazama Awadhi kwa jicho la, wewe mtoto umelelewa wapi? Jumanne akaongeza kupiga goti. Jumatano mteja mmoja akalihamishia lori lake kwa Pantaleo, akisema hawezi kumwachia mali mtu asiye na adabu. Alhamisi Awadhi alichelewa kufungua makusudi. Akamkuta Pantaleo amekaa mlangoni, anasubiri, kofia magotini.

Ijumaa ni Awadhi aliyevuka, na birika limejaa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea chai. Nakuomba yaishe."

"Marahaba. Bado siku ishirini na tano."

"Mzee, nakupigia magoti! Nitaleta chai kila siku."

Pantaleo alikunywa kidogo, akafikiri, akakubali. Awadhi akakaa kwenye tairi kuukuu kando yake.

"Lakini niambie kweli. Ile kazi niliiona, ilikuwa safi. Rejeta ilikuwa na nini?"

Pantaleo alikuwa akiisubiri nafasi hiyo wiki nzima. Alitazama upande wa Mchafukoge, kwa Mama Lalit. Kisha akamnyooshea kijana kikombe.

"Ilinishinda tu," alisema. "Hebu ongeza chai."