Pamba Kando ya Kijito cha Chumvi

Mwaka ule mvua ilikatika Januari, wiki mbili baada ya pamba kupandwa. Shamba ambalo chifu alimpa Emile, karibu na kijiji cha Wamaza, lilipakana na kijito cha chumvi. Maji matamu yalikuwa mwendo wa saa nzima. Pamba ilikuwa amri ya serikali: ikifa, mwenye shamba anatiwa boloko. Emile alikuwa ametoka kifungoni miezi miwili tu, na bado alikohoa.

Kwa hiyo mkewe, Victorine, alichota maji ya kijito. Kila asubuhi alimwagia kila mche kidogo, kama anayenywesha mgonjwa. Siku ya tisa majani yalikuwa yameungua kingoni, na juu ya matuta kumetanda weupe kama unga wa muhogo.

Mama mkwe wake, Louise, alikuwa mpika chumvi. Alikuja kutazama, mikono kiunoni.

“Muke wa Emile, unalima pamba ao unapika chumvi?”

“Usinicheke, mama. Hii ikikufa, Emile anarudi boloko.”

“Sicheki. Kikapo yangu ya kuchujia udongo wa chumvi, nikitia maji kidogo, chumvi inabakia. Nikitia mingi, inashuka yote ndani ya chungu. Weye unatia kidogo, jua inakunywa maji, inakuachia chumvi. Tia mingi, kisha uyafungulie njia.”

“Mingi? Na huu mugongo wangu?”

“Mugongo wa bibi arusi! Muite Emile. Kukohoa hakukatazi kulima.”

Siku nne walichimba mifereji kati ya matuta, na mmoja wa kutolea maji upande wa chini. Wakayaelekeza maji ya kijito, yakajaa, yakatoka. Wakarudia. Chumvi nyingi ilikwenda na maji. Iliyobaki ilipanda kileleni mwa matuta. Louise akaamuru mbegu zilizosalia zipandwe ubavuni, karibu na maji, wala si kileleni. Nyingi ziliota.

Kisha akaja Faradji, moniteri aliyekagua mashamba ya pamba kwa niaba ya serikali, na kamba yake ya kupimia.

“Hii nini? Sheria inasema juu ya tuta. Ng’oeni yote, mupande upya.”

Emile aliinama kushika jembe. Victorine akamzuia, akamgeukia Faradji.

“Juu ya tuta tulipanda. Ile pale, imekufa. Ya ubavuni iko muzima. Ng’oa mwenyewe, moniteri, halafu uandike ndani ya kitabu: miye Faradji niling’oa pamba yenye ilikuwa muzima.”

Miche ikifa, Faradji naye huulizwa na wakubwa wake. Alitembea hadi mwisho wa shamba, akarudi akihesabu kwa midomo.

“Mzungu atapita kukagua mwezi wa tatu,” alisema akikunja kamba. “Majani ikiungua tena, miye sikuwaona mukipanda hivi.”

“Pita salama, moniteri,” Louise alisema.

Emile alilitia jembe begani, akaenda kuzibua mfereji wa chini, uliokuwa umeanza kuziba.