Kambale Anaitwa Beni

Redio ilitangaza asubuhi: tume inayochunguza magendo ya kakao imepewa nguvu na sheria mpya ya kuita mtu yeyote. Inamwita Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, afike Beni Alhamisi saa tatu. Asipofika, gereza.

Mimi ni Kambale. Nauza unga wa muhogo. Mke wangu Emérence alizima redio.

"Uende," alisema. "Sitaki bakuje kukukamata hapa mbele ya batoto."

"Mais hapana mimi!"

"Enda ubaambie vile."

Nilienda. Mbele ya ofisi ya tume nilikuta mstari mrefu. Tulikuwa sitini na wanne, wote Kambale. Kwetu Wanande, mtoto wa kiume wa pili anaitwa Kambale, hata baba mlevi anajua hilo. Tume ilitoka Kinshasa, na hakuna mtu aliyeiambia.

Mwenyekiti alitoka nje, akatutazama mara mbili.

"Munacheka na mimi? Bote Kambale?"

"Ndiyo, chef," nilimjibu. "Ukitaka batoto ba kwanza, uite Mumbere. Lakini utafute kwanza uwanja mukubwa."

Hakucheka. Alisema karatasi ya kupita, yenye muhuri, ni ya Kambale wa magendo tu, akishajibu maswali. Sisi wengine turudi. Na kwenye kizuizi cha Kalunguta, njiani kurudi Butembo, askari walikuwa na amri ya kukamata kila Kambale asiye na muhuri.

"Donc mwizi analala kwake, mimi ninalala gereza?"

"Sheria ni sheria," alisema, akaenda kula.

Nikamwendea karani wake, Mama Eliane wa Mavivi.

"Mama, sheria inasema Kambale afanye nini?"

Alifungua kitabu. "Afike."

"Basi nimefika. Piga muhuri."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akapiga mihuri sitini na minne: *Kambale amefika.*

Wa mwisho kupewa alikuwa bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Alikunja karatasi yake polepole.

"Aksanti sana, ndugu yangu. Unarudia Butembo? Panda kwangu."

Mvua ilikuwa imeanza. Nilipanda. Nyuma kulikuwa na magunia mpaka juu, na gari lote lilinuka kakao.

Kalunguta, askari alisoma karatasi zetu, moja halafu ya pili.

"Kambale?"

"Kambale," tulijibu pamoja.

Akashusha kamba. Nilifika nyumbani mkavu kabisa.